Suruali Iliyochakaa Magotini

Jambo zima lilitugharimu madume wawili wa ng'ombe, doti moja ya kanga, vibuyu vitano vya maziwa, na shangazi. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, maana mimi ni mchuuzi, na mchuuzi asiyehesabu mara mbili huhesabiwa na wenzake. Suruali siitii humo. Suruali ninayo.

Imekaa miaka yote hii kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, katikati ya vitu ambavyo wanangu wanasubiri nife ili wavitupe. Juzi mjukuu wangu Neema alifungua sanduku kutafuta blanketi, kwa kuwa kipupwe cha Maganzo hakimjui mgeni, na harufu ikatoka kabla ya nguo: grisi ya cheni na maziwa yaliyoganda. Sikutegemea. Nilikuwa nachambua mchicha, nikajikuta nimeshika shina, majani yote nimeyamwaga chini.

"Bibi, hii ya nani?" Aliinyanyua mbele ya dirisha. Kaki, kiuno kipana, miguu imebanwa vifundoni, na magoti yote mawili yametoboka, mwanga unapita. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa jinzi iliyotoboka pale pale magotini. Aliinunua dukani ikiwa hivyo hivyo, na aliongeza hela kwa ajili ya yale matundu. Nilipomuuliza kwa nini hakudai apunguziwe bei kwa kitambaa kilichokosekana, alinicheka wiki nzima.

Ilikuwa ya shangazi yangu Kabula, dada yake baba. Kwetu shangazi huitwa sengi, na mimi sikuwahi kumwita vinginevyo. Nyie wenzangu mliokulia huku enzi za Mwingereza mnajua sengi ana uzito gani nyumbani kwa kaka yake, hasa akiwa ameachika na hakubahatika mtoto. Ana haki ya kupokelewa, lakini anapokelewa kama mvua ya kiangazi: hakuna anayeifukuza, ila kila mtu anaitazama akijiuliza itakaa mpaka lini.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Aliinunua kwa madume wawili, akaenda nayo Geita kwenye mgodi wa dhahabu, akarudi nayo na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi. Akipanda mpaka kwenye mti wa kwanza, anashuka, anakohoa, anairudisha kwa kuikokota. Mwishowe aliiegemeza ukutani karibu na kitanda chake, akawa anaifuta kila Jumapili kama mtu anayemwosha mgonjwa. Sengi aliitazama mvua moja na kiangazi kimoja. Kisha akamwambia, "Kaka, madume wako wawili wamelala. Niruhusu niwaamshe."

Mpango wake ulikuwa maziwa. Tulikaa upande wa Kolandoto, na kule Maganzo, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui, kulikuwa na makambi ya vibarua ambao hawakuwa na ng'ombe wala mke wa kuwakamulia. Kwa miguu, maziwa yalifika yamechacha na mbebaji amechoka. Kwa baiskeli yangefika yakiwa mtindi mzuri.

Tatizo lilikuwa chuma cha katikati. Wanawake wakati ule tulipanda baiskeli kama mizigo, tumewekwa kwenye keria nyuma ya mwanamume, miguu yote upande mmoja. Kuendesha ni lazima mguu uruke kile chuma, na mwenye kanga hana mguu wa kuruka. Sengi alijaribu mbugani saa za mchana, watu wakiwa wamelala. Akiipandisha kanga, aibu, akiishusha, anaanguka. Alirudi amechubuka kiwiko, akaketi mlangoni akiiangalia kaptula ya baba kwenye kamba kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mwanamke kuangalia kaptula ya kaka yake.

Wiki iliyofuata alinichukua tukaenda Shinyanga mjini kwa miguu. Kwenye baraza la duka la Mhindi alikaa fundi cherehani mmoja, Mnyamwezi mwenye miwani ya kamba. Sengi alimpa kitambaa cha kaki na uzi wa katani wenye mafundo.

"Ni vipimo vya kaka yangu," alisema. "Fundo hili kiuno, hili paja, hili urefu. Yeye mgonjwa, hawezi kuja."

Fundi alinyoosha uzi juu ya meza, akapima kwa futi yake, akapima tena. Alimtazama Sengi juu ya miwani.

"Huyu kaka yako ana nyonga, dada."

"Ndivyo tulivyo kwetu."

"Na kiuno hiki? Mwanamume wa kiuno hiki nimshonee suruali au nimpelekee uji?"

"Fundi, unashona au unaoa?"

Watu wa barazani waliangua kicheko, hata yeye mwenyewe. Hakuuliza tena. Lakini tulipokwenda kuichukua, tulikuta ameongeza kitambaa nyongani na kubana miguu kule chini, akatia na kifungo kila upande. "Nimebana," alisema akiikunja, bila kumtazama mtu, "ili cheni isimle kaka yako."

Siku ya kwanza aliyoivaa alikaa uani akipiga hatua za kwenda na kurudi, kisha akanyanyua mguu mmoja, akaushusha, akanyanyua wa pili. Alicheka peke yake. "Minza," aliniita, "kwenye kanga nina mguu mmoja mnene. Humu nina miwili." Nilimwamini neno kwa neno. Niliamini kabisa kwamba kuendesha baiskeli kulikuwa ndani ya ile suruali, kama joto linavyokuwa ndani ya blanketi, na kwamba yeyote atakayeivaa ataondoka tu.

Mimi nilikaa nyuma kwenye keria, vibuyu vimefungwa ubavuni, kimoja nimekikumbatia. Barabara ya Maganzo ilikuwa vumbi jeupe na miiba, na upepo wa mbuga ulipiga vifundo vyangu mpaka nikajiona ndege. Mbele yangu mgongo wa Sengi ulikuwa ukipanda na kushuka, na kaki ilinuka jua, grisi, maziwa. Alikuwa anaimba nyimbo za kulima, lakini haraka, kwa mwendo wa pedeli. Sijawahi kumwona ndani ya nyumba yetu akiwa na ile sura. Ndani ya nyumba alikuwa dada aliyerudi. Pale juu hakuwa amerudi kutoka popote.

Ila kulikuwa na wazee. Mtoto wa kike wa Kisukuma akikutana na mkubwa njiani, anapiga magoti ndipo anasalimu, na mguu uwe na kanga, kaniki au suruali ya kaki, ni magoti yale yale. Kila tulipomwona mzee kwa mbali, Sengi alikanyaga breki, akarusha mguu juu ya chuma, akanishikisha baiskeli, akapiga magoti vumbini. "Mwangaluka, baba." Mzee anaitikia, anaulizia ng'ombe, anaulizia mvua, anaulizia watoto ambao Sengi hakuwa nao, huku macho yake yanakwepa kutazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Kisha tunapanda, tunafika kwenye kona, mzee mwingine. Suruali za wanaume wa baiskeli huisha matakoni. Ya Sengi iliisha magotini. Aliitia viraka, viraka navyo vikaisha.

Watoto wa makambini walimpigia kelele, "Bwana Kabula, shikamoo!" Alikuwa anaitikia bila kugeuka, "Marahaba, wake zangu, mmepika?" Wanawake visimani hawakupiga kelele. Walingoja apite. Bibi yetu alisema afadhali angekuwa mlevi, maana ulevi una dawa.

Kisha akaja Masanja. Alikuwa mgane aliyelima pamba, mpole, aliyekuja kwa baba mara kwa mara akijifanya ana shida ya kuazima jembe, na sote tulijua majembe yake yalikuwa mazuri kuliko yetu. Sengi naye alianza kurudi kutoka Maganzo mapema zaidi. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Sijazeeka, wifi. Nami nataka kufunga mlango ulio wangu." Hilo ndilo alilolitaka, na nalisema wazi ili msije mkafikiri alilazimishwa: alitaka nyumba yake, na alitaka barabara yake. Vyote viwili.

Mama yake Masanja alikuja na wajumbe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukata. Walikaa upande wao, sisi upande wetu, na mimi nikajibanza nyuma ya kinu.

"Baba Minza," alianza, "sisi tumekuja kuoa mke. Hatukuja kuoa askari."

Baba alikohoa. Wajumbe walitazama chini. Sengi, ambaye hakutakiwa kusema, alisema akiwa amepiga magoti mlangoni, "Mayu, mama yangu, baiskeli nakwenda nayo. Bila maziwa siendi."

"Mwanangu amekupenda, nifanyeje? Lakini hiyo baiskeli, na hiyo suruali, mimi nitapita wapi? Watauliza nani mume."

Walivutana mpaka kivuli cha ghala kikafika kwenye miguu yangu. Huku, suruali na baiskeli. Kule, kanga na miguu. Mwishowe mjumbe mmoja mwenye busara akapendekeza wakutane katikati: baiskeli iende, suruali ibaki. Kila upande umepoteza kitu, kila upande umepata kitu. Walishikana mikono. Maisha yangu yote nimeuza vitambaa kando ya barabara hapa Maganzo, na kila mteja nimemwambia kwamba bei ya haki iko katikati. Nimekuwa nikisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Siku ile katikati ndipo palipokuwa pabaya kuliko pande zote mbili, na hakuna aliyeona, wala mimi.

Mimi, kwa kweli, nilifurahi. Mama yake Masanja alifungua fumba lake akatoa doti mbili za kanga mpya, nyekundu zenye pindo jeusi, zinanuka duka. Doti mbili ni vipande vinne. Sengi alikuwa ametoa suruali moja iliyochakaa, akapokea vipande vinne vipya! Nilikimbia kumwambia kwamba amewapunja. Alinitazama, akanishika kichwa, akasema tu, "Ndiyo, mwanangu. Hesabu yako nzuri." Nilidhani ananisifu.

Suruali aliikunja akaiweka chini ya ngozi aliyolalia.

Sasa nyie hesabuni nami. Suruali ilimfunika Sengi mpaka vifundoni. Kwa kanga, ili aruke kile chuma, ilibidi aipandishe mpaka magotini, na mapaja yakichungulia. Kwa hiyo zile kanga za heshima zilionyesha mwili ambao suruali ya fedheha ilikuwa imeuficha. Mama yake Masanja alikuwa ameshaliona hilo, akatoa dawa: kanga moja uifunge, nyingine uiache ining'inie juu yake ikufunike. Ndiyo maana alileta nyingi. Alikuwa amefikiri. Kitambaa kikashuka mpaka karibu na cheni, na Sengi akajifunza kuendesha kwa mkono mmoja, wa pili umekusanya pindo. Hakuimba tena, kwa sababu alikuwa na kazi ya kushika.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Tulikuwa na vibuyu vitano. Njia inateremka kuelekea kwenye korongo, na upande wa pili wa korongo alikuwa anakuja mzee mmoja na fimbo yake, polepole, ametuona. Sengi alikanyaga breki. Akaachia pindo ili ashike usukani kwa mikono miwili, akanyanyua mguu ashuke akamsalimu. Nilisikia sauti kama ya ng'ombe anayeng'oa majani. Cheni ilikuwa inakula kanga. Baiskeli ikasimama ghafla, mimi nikarushwa kwenye nyasi, na nilipoinua kichwa nilimwona Sengi amepiga magoti.

Ndivyo nilivyoona, na ndivyo ninavyoona mpaka leo nikifumba macho. Amepiga magoti barabarani, kanga imemkaza kiunoni, ameinamisha kichwa kabisa mpaka kwenye jiwe la ukingo wa korongo. Nilifikiri, leo Sengi ana adabu kubwa sana. Nilifikiri ni kwa sababu anakwenda kuolewa.

Yule mzee naye alifikiri hivyo hivyo. Alisimama kwa heshima, akaegemea fimbo yake, akaitikia kabla hajasalimiwa: "Mwangaluka, mwanangu. Mwangaluka. Inuka sasa." Akangoja. Maziwa yalikuwa yanateremka njiani kwa mkondo mwembamba, nami nikaanza kukusanya vigae vya vibuyu nikivihesabu, nikiwaza nani atatulipa. "Inuka, mama," mzee alisema tena, kwa sauti nyingine. Kisha akatupa fimbo.

Walimbeba kwenye kitanda cha kamba kumpeleka hospitali Kolandoto. Hawakufika. Waliporudi, waliobeba walikuwa wanatembea polepole kuliko walipokwenda, na hapo ndipo nilipoelewa, maana mtu huwahi akiwa na kitu cha kuwahia.

Posa isiyofika ndoa hurudishwa. Baba aliuza mbuzi akanunua doti nyekundu badala ya ile iliyotafunwa, akazipeleka zote kwa mama yake Masanja, nami nimezibeba kichwani. Mwanamke yule alizipokea, akazihesabu, akakuta zimetimia. Nilitegemea apige kelele kuhusu rangi, kwa sababu haikufanana sawasawa. Badala yake aliketi chini pale pale mlangoni, amezipakata, akawa anazilainisha kwa kiganja kana kwamba kuna mtu atakayezivaa kesho. Tulimwacha hivyo.

Siku ya kumaliza msiba wanawake walikaa kwenye mikeka kugawana nguo za marehemu. Anayepokea nguo hupokea na kiti cha mwenyewe: ndiye atakayeitwa kwa jina lake, ndiye atakayelia mahali pake. Kaniki ikaenda kwa mdogo wake. Shuka likaenda kwa mama. Mimi nilipewa kanga moja ya zamani, ya buluu, bado nzima. Kisha bibi akaingiza ufito chini ya ngozi, akaivuta suruali, akaiinua kwa ncha ya ule ufito.

"Na hii?"

Upande wa wanaume, mjomba mmoja aliulizwa, akasema, "Suruali ya mwanamke? Nivae nionekane nini?" Wanawake walitazama mikono yao. Kila mmoja alikuwa amepanda nyuma ya Sengi walau mara moja, kwenda hospitali au kwenda mnadani, na kila mmoja alimlilia kwa sauti. Lakini kiti kile hakikupata mtu.

"Basi ichomwe," bibi alisema.

"Nabadilishana," nikasema mimi. Nikasimama, nikamnyooshea kanga ya buluu.

Walicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. "Mtoto amepunjika!" "Itakutosha lini, wewe kijiti?" Bibi aliitazama kanga, akaitazama suruali, akaona mtoto hahesabiwi, akanitupia. Ndiyo biashara yangu ya kwanza.

Jioni ile niliivaa nikaenda ilipokuwa baiskeli. Baba alikuwa ameitundika kwenye boriti za ghala, kanga nyekundu bado imenasa kwenye cheni, na pale ilikaa mpaka madume wawili wakaliwa na kutu. Nilisimama chini yake nimeshikilia kiuno kwa mikono miwili, nikingoja kujua. Nilingoja mpaka mama akaniita kula. Ilipokuja kunitosha kweli, nilikuwa nimeolewa, nina mimba, na nyumbani kwa mume wangu hapakuwa na baiskeli wala mtu wa kuuliza kama nataka. Nilikwenda kila mahali kwa miguu, au nyuma ya mtu, upande upande. Ndio ule ambao Sengi aliuita mguu mmoja mnene. Nimeutembelea mpaka umevimba.

Neema ana pikipiki. Anapeleka chakula na tochi kwa wachimbaji, mpaka Kharumwa huko, analala njiani, anarudi amevaa vumbi. Hashuki kumsalimu mtu. Anapunga mkono, na wazee wenyewe wanampungia. Nilimweleza habari yote hii juzi, tukiwa tumekaa na ile nguo katikati yetu, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. Kisha akasema, "Bibi, nipe. Nitaivaa safari ya Kharumwa."

"Imechakaa magotini."

"Si ndiyo fasheni yenyewe?"

Nimemwambia angoje mpaka Jumapili. Si kwamba nataka kumuuzia. Nyie wa rika langu, mliopiga magoti kwenye barabara zile zile, naomba ushauri wenu kabla hajaondoka. Kitambaa cha kaki kinachofanana nimekipata kwenye meza yangu, na sindano ninayo. Je, niyatie viraka hayo magoti ndipo nimpe, au nimpe hivyo hivyo, na matundu aliyoyalipia Sengi?